Jenga Ukingo: Je, Chanjo ya Binti Ni Ruhusa ya Dhambi?

Maandiko ya kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 22:8, Yohana 9:1-3, Marko 5:25-34



Katika darasa la wazazi ninaloliongoza, kuna swali ambalo hurudi kila mara wahudumu wa afya wanapozungumza na wazazi juu ya chanjo ya HPV. Huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi watu wakiwa wameshasimama kutoka. Linasema hivi: binti yangu ana miaka kumi, nimemlea katika Bwana, hajui mambo ya wanaume. Nikimpeleka achanjwe dhidi ya ugonjwa unaoenezwa kwa kujamiiana, si nitakuwa nimemwambia mapema kwamba natarajia ataanguka? Si nitakuwa nimemfungulia mlango kwa mkono wangu mwenyewe?

Hilo si swali la kijinga, na anayelicheka hajalielewa. Mzazi anayeuliza hivyo anajali roho ya mtoto wake. Kwa hivyo sitalijibu kwa kumfokea mtu, wala kwa kusema tu ati daktari amesema. Nataka tulipime polepole, tuone limesimama juu ya nini, halafu kila mmoja akaamue nyumbani kwake akiwa na nuru.

TUUJUE UGONJWA KWANZA

Hatuwezi kuamua vizuri juu ya kitu tusichokijua. HPV ni jamii ya virusi, na aina zake ni zaidi ya 100. Nyingi hazina madhara makubwa. Lakini ziko aina chache zinazoweza kukaa katika mlango wa kizazi wa mwanamke kwa miaka mingi na kuzigeuza chembe za mwili pale ziwe saratani. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha karibu saratani 70 kati ya kila 100 za mlango wa kizazi duniani. Mwanasayansi Mjerumani aitwaye Harald zur Hausen ndiye aliyegundua kwamba virusi hivi huleta saratani hiyo, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008.

Virusi hivi huenezwa hasa kwa kugusana kwa ngozi wakati wa kujamiiana, na ni vya kawaida mno. Watu wengi waliowahi kujamiiana, wanaume kwa wanawake, hukutana navyo wakati fulani maishani bila hata kujua, kwa maana mara nyingi havileti maumivu wala dalili. Kwa wengi, mwili huvishinda wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache havitoki, na hapo safari ndefu huanza. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka saratani itokee kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, na miaka 5 hadi 10 kwa yule ambaye kinga yake imedhoofika.

Hapa kwetu Kenya, makadirio ya mwaka wa 2020 yalikuwa kwamba wanawake 5,200 hivi walipatikana na saratani hii, na 3,200 hivi walikufa kwayo. Hebu gawanya kwa siku za mwaka: ni karibu wanawake 9 kila siku. Kutoka Jumapili moja hadi nyingine ni wanawake 60 na zaidi. Hao ni mama zetu wa kwaya, wauza mboga, walimu, dada wa maombi ya usiku. Wengi huondoka wakiwa bado na watoto shuleni.

Chanjo ilianza kutolewa katika mpango wa kawaida wa serikali mwezi wa Oktoba 2019, ikilenga wasichana kuanzia miaka 10, bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Haina kirusi hai ndani yake. Ni ganda tu la protini linalofanana na kirusi, ambalo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Ndiyo sababu hutolewa mapema, mtoto akiwa bado mtoto.

Sasa turudi kwenye swali letu.

UKINGO WA PAA

Katika sheria ya Musa kuna amri fupi ambayo wengi wetu huipita tukisoma. Mungu anamwambia mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Paa za wakati ule zilikuwa tambarare. Watu walipanda juu wakapumzika, wakaomba, wakaanika vitu vyao.

Angalieni jambo ambalo amri hiyo haisemi. Haisemi ukingo ujengwe kwa ajili ya wenye akili timamu peke yao. Haimwambii mwenye nyumba achunguze kwanza atakayepanda ni nani, na kama atapanda kwa sababu njema au mbaya. Mlevi akipanda, ukingo utamzuia. Mtoto aliyekatazwa kupanda akipanda kwa ukaidi, ukingo utamzuia. Hata mwizi wa usiku akipita pale, ukingo utamzuia. Na hakuna Mwisraeli aliyesimama akasema, "Bwana, ukiweka ukingo utawatia watoto moyo wa kucheza juu ya paa."

Mungu alijua kuna makosa ambayo adhabu yake haifai kuwa kifo. Mtoto anayekaidi anahitaji kurudiwa. Hahitaji kuvunjika shingo. Mzazi anayeweka ukingo bado anaweza kusema, "Usipande huko," na asemapo hivyo hajipingi. Neno lake linamfundisha mtoto, na ukingo unamtunza hadi neno liingie.

Na hili tayari tunaliishi bila kulitilia shaka. Mama anayelaza mtoto ndani ya neti hajamkaribisha mbu. Anayefunika kisima hajawaambia watoto wakacheze kisimani.

Tena kuna mfano wa karibu zaidi. Watoto wetu hupelekwa kliniki wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, wakapigwa sindano. Ndani ya sindano hiyo mna kinga ya homa ya ini aina ya B. Ugonjwa huo huenezwa kwa damu, huenezwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na pia huenezwa kwa kujamiiana. Ni mzazi yupi aliyembeba mtoto wa wiki sita akauliza, "Sista, si mnampa mtoto wangu ruhusa ya uasherati?" Hakuna. Tuliona mtoto, tukaona hatari, tukashukuru kwa kinga. Basi kama njia ya maambukizi haikutusumbua kwa mtoto wa wiki sita, kwa nini itusumbue kwa mtoto wa miaka kumi? Nadhani ni kwa sababu sasa tumeanza kumwona kama mwanamke, na tumeanza kuogopa. Hofu hiyo naielewa. Lakini tusimwache mtoto alipe gharama ya hofu yetu.

JE, SARATANI NI ASKARI WA UTAKATIFU?

Hapa ndipo kiini cha swali kilipo, na naomba mnivumilie.

Anayesema chanjo ni ruhusa ya dhambi, hata kama hajakusudia, anasema jambo lingine kwa ndani. Anasema ugonjwa ule ni mlinzi. Anasema saratani ikiwa mbali, binti atakuwa huru kutenda mabaya. Ikiwa karibu, atajitunza. Kwa maneno mengine, tunaiweka saratani pale mlangoni kama askari, tukitumaini italinda usafi wa watoto wetu.

Mimi nauliza: huyo ni askari wa namna gani?

Kwanza, ni askari anayekuja akiwa amechelewa miaka ishirini. Msichana wa miaka kumi na saba akishawishiwa, hafikirii yatakayompata akiwa na miaka thelathini na saba. Kwa hivyo hofu hiyo haimzuii leo. Kumbe inakuja kumpiga baadaye, akiwa pengine ameokoka, ametubu, ana mume na watoto watatu, na anafundisha Shule ya Jumapili. Damu ya Yesu imeshafuta kosa lake, halafu sisi tunasema ilikuwa sawa kosa hilo limfuate hadi kaburini, ingawa tungeweza kumkinga?

Pili, ni askari asiyejua kumtofautisha mwenye hatia na asiye na hatia. Nitalieleza hilo hapa chini.

Tatu, na hili ndilo zito, usafi unaosimama juu ya hofu ya ugonjwa si utakatifu. Ni woga tu. Yusufu alipoikimbia nyumba ya Potifa hakukimbia maradhi. Alikimbia kwa sababu hakutaka kumkosea Mungu wake. Kama tumemlea binti yetu hata kitu pekee kinachomzuia ni saratani, basi hatujamlea bado, na sindano si tatizo letu kubwa. Lakini kama tumempa Neno, tumempa mfano, tumempa nyumba ambamo anaweza kuuliza maswali bila kupigwa kofi, basi sindano moja mkononi haiwezi kuondoa yale ambayo miaka kumi ya malezi imeweka moyoni.

Isitoshe, jambo hili limechunguzwa katika nchi mbalimbali, na uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba wasichana waliochanjwa hawaanzi mambo ya wanaume mapema kuliko wale wasiochanjwa. Mtoto wa miaka kumi akitoka kliniki anakumbuka mkono ulimuuma na kama alinunuliwa biskuti.

BINTI ALIYEJITUNZA

Sasa tuseme umeomba, umefundisha, na Mungu amekujibu. Binti yako amefika siku ya harusi akiwa hajamjua mwanamume. Haleluya! Kanisa linashangilia, shangazi wanapiga vigelegele. Je, yuko salama?

Inategemea mtu aliyesimama kando yake. Pengine bwana harusi ni kijana aliyeokoka akiwa na miaka 24, mwenye ushuhuda mzuri, aliyeacha kabisa njia zake za zamani. Tunamtukuza Mungu kwa ajili yake. Lakini virusi havina habari ya wokovu wake. Anaweza kuwa navyo bila dalili yoyote, na akampa mke wake wa kwanza na wa pekee usiku ule ule ambao kanisa zima limeubariki. Hakuna aliyetenda dhambi usiku huo. Ndoa ni halali, kitanda ni safi, na ugonjwa umeingia.

Kisha liko jambo ambalo hatupendi kulisema madhabahuni. Kuna mabinti ambao hawakuchagua. Wako walionajisiwa na jirani, na mjomba, na mtu waliyemwamini. Mzazi anaweza kumwambia binti yake ajitunze, na binti akatii kwa moyo wote, na bado mtu mwovu akaja. Tukisema chanjo ni ya wale watakaoanguka peke yao, tumewasahau hao, na Mungu hajawasahau.

Kwa hivyo nikimchanja binti yangu sisemi kwamba simwamini yeye. Nasema kwamba dunia atakayoishi ndani yake siiwezi kuishika yote kwa mikono yangu miwili. Naweza kumfundisha yeye. Siwezi kumfundisha kila mwanamume atakayekutana naye, wala kuyajua maisha ya zamani ya yule atakayemwoa.

VIPI KUHUSU IMANI?

Kuna ndugu watasema, "Mzee, sisi tunalindwa na damu ya Yesu. Kwa nini tukimbilie sindano?" Mimi pia naamini uponyaji. Nimeona Mungu akiponya, na sitaacha kuwawekea wagonjwa mikono.

Lakini soma habari za mfalme Hezekia. Alikuwa akifa, akaomba akilia, na Mungu akamtumia Isaya ampe ahadi kwamba ataongezewa miaka 15. Ahadi ilikuwa imeshatoka kinywani mwa Mungu mwenyewe. Hata hivyo Isaya akaagiza waandae tini, wazibandike juu ya jipu. Je, tini zile zilikuwa ukosefu wa imani? Mungu alitoa ahadi, na Mungu huyo huyo akaonyesha dawa.

Tena kumbuka lile jaribu la Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu. Shetani alimtaka ajitupe chini ili malaika wamdake, na akamsomea hata andiko. Yesu alikataa. Alijua kuna tofauti kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu. Mtu anayeondoa ukingo wa paa ili aonyeshe imani amesogea karibu sana na ule ushauri wa shetani.

Na tuseme wazi, ndugu: mara nyingi imani ya namna hii tunaitumia juu ya mwili wa mwingine. Baba akikataa chanjo, si baba atakayeumwa. Uamuzi anaufanya yeye leo akiwa na miaka arobaini. Bili inakuja kwa binti miaka ishirini na mitano baadaye, pengine baba akiwa ameshalala mautini. Mtu akitaka kufunga siku arobaini, afunge yeye. Asimfungishe mtoto kisha ajihesabie haki. Mamlaka ya mzazi ni ya Mungu, lakini tumepewa kama wakili anavyopewa mali ya mtu mwingine, na wakili atatoa hesabu.

HOFU YA UTASA

Neno lingine linalozunguka vijijini na kwenye simu zetu ni kwamba chanjo hii inafunga uzazi. Sitawadharau wenye hofu hiyo. Sisi ni watu tunaothamini watoto, na mtu maskini ana sababu za kuuliza maswali anapoletewa kitu cha bure.

Lakini maswali yakiulizwa, majibu pia yasikilizwe. Chanjo za HPV zimetumika tangu mwaka wa 2006, na mamia ya mamilioni ya dozi yametolewa duniani. Wataalamu wa usalama wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani wamelipitia suala hili na hawakuona kwamba inaleta utasa. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka wa 2011, wakafikia zaidi ya wasichana 90 kati ya kila 100 waliolengwa. Wasichana wale wa kwanza leo ni wanawake wazima. Huko Uskoti, taarifa iliyotolewa mwaka wa 2024 ilieleza kwamba kati ya wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13, hakupatikana hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi.

Na hapa nyumbani, mabinti wetu wenyewe wametoa ushuhuda. Katika utafiti uliofanywa Thika, Nairobi na Kisumu, wasichana 2,275 wa Kenya wa miaka 15 hadi 20 walifuatiliwa. Matokeo yalipotolewa mwaka wa 2022, ilionekana kwamba dozi moja tu, kwa muda wa miezi 18, ilizuia maambukizi mapya ya kudumu ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja yaweza kutosha kwa mabinti. Kwa hivyo tusiseme ati haya ni mambo ya Wazungu. Damu iliyopimwa ilikuwa ya watoto wetu, na watafiti Wakenya walikuwa mstari wa mbele.

Madhara yapo madogo: mkono kuuma, homa kidogo, wengine kuhisi kizunguzungu. Ndiyo maana mtoto huambiwa akae kidogo kabla ya kwenda. Mwenye historia ya mzio mkali amwambie sista kabla ya sindano. Linaloharibu uzazi kweli kweli ni saratani yenyewe, kwa maana matibabu yake mara nyingi ni kuondoa kizazi, au kuchomwa kwa mionzi.

MAMA ZETU NA AIBU

Chanjo ni ya mabinti. Lakini mama zao je? Kwao liko jambo lingine: kupimwa.

Niliwahi kukaa kando ya kitanda cha dada mmoja wa ushirika wa maombi, katika kanisa la jirani. Alikuwa na mume mmoja kwa miaka 27. Alianza kutokwa damu nje ya siku zake, akanyamaza. Akasema labda ni umri. Alipoenda hospitali, ugonjwa ulikuwa umesambaa. Aliniambia kilichomzuia si pesa. Aliogopa kwamba akionekana kwenye foleni ile, watu wangeuliza alikuwa akiishi maisha gani. Na kweli, hata kabla hajazikwa, kuna waliouliza.

Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali kama hilo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu hakulikubali swali lenyewe. Hakuwapa jina la mwenye kosa. Aligeukia kazi ya Mungu iliyokuwa mbele yake, akamponya yule mtu.

Mwisho wa mambo, hata kama tungetaka kuuliza, virusi hivi haviwezi kutujibu. Kwa kuwa watu wengi hukutana navyo, na kwa kuwa vyaweza kukaa kimya miaka mingi, kuvipata leo hakumwambii mtu vililetwa na nani wala lini. Wenye ndoa, sikieni hapo. Mkeo akiambiwa ana HPV, usianze kesi. Mumeo naye asianziwe kesi. Shikaneni mikono mwende mkasikilize sista anasema nini.

Na kumbuka yule mama aliyetokwa damu miaka 12, aliyetumia mali yake yote kwa waganga. Alikuja kwa siri, kwa nyuma, kwa sababu watu walimhesabu najisi. Yesu alimponya, halafu akasimama, akamtafuta katikati ya umati, na mbele ya watu wote akamwita binti. Hakumrudisha nyumbani na uponyaji pekee. Alimrudishia na heshima yake. Hiyo ndiyo kazi ya kanisa. Dada akitoka kupimwa, akute kanisa lisilonong'ona.

Kupimwa kwenyewe si jambo la kutisha. Kuna kituo watakapopaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi; palipoharibika hugeuka peupe. Kuna kipimo cha Pap, kinachochukua chembe zikaangaliwe maabara. Na kuna kipimo cha HPV chenyewe, ambacho sehemu nyingine mama huweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa pamba ya kijiti. Doa likipatikana mapema, kabla halijawa saratani, huondolewa kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto, na mara nyingi mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni doa dogo, na ukuta ni safari za mionzi na harambee ya kila wiki.

Dada anayeishi na virusi vya UKIMWI aelewe kwamba hatari yake ni kama mara sita zaidi, kwa hivyo aanze kupimwa mapema na arudi mara nyingi kadiri kliniki yake itakavyomwelekeza. Na aliyechanjwa utotoni pia apimwe akifika umri, kwa sababu chanjo haizuii kila aina.

WANAUME, TUSIJIFICHE

Ugonjwa huu umeitwa wa kina mama, lakini virusi hubebwa na wanaume pia, na kwetu pia vyaweza kuleta saratani, kama ya koo. Halafu mara nyingi sisi ndio tunaoshika nauli, na sisi ndio tunaosema ndiyo au hapana. Mama akisema anataka kwenda kupimwa, usimwulize anatafuta nini. Mpe nauli, na ukiweza mwende pamoja.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la mwaka wa 2030: wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa kabla ya kufika miaka 15, wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa wakifika miaka 35 na tena wakifika 45, na 90 kati ya 100 wanaokutwa na ugonjwa wapate matibabu. Lengo hilo halitafikiwa na serikali peke yake, kwa maana mambo haya huamuliwa jikoni na sebuleni mwetu.

WIKI HII

Mwenye binti wa miaka 10 hadi 14, aangalie kadi yake ya kliniki. Kama hajachanjwa, amuulize sista wa kituo kilicho karibu. Na kabla ya kwenda, akae na binti aseme naye kwa upole: mwili wako ni hekalu, nami nakupenda, kwa hivyo nakufundisha na pia nakukinga. Maneno hayo mawili yasitenganishwe.

Mama mwenye miaka 25 na zaidi ambaye hajawahi kupimwa, au anayetokwa damu isiyo ya kawaida, asingoje. Mtafute mwenzako mmoja wa ushirika mwende wawili.

Kwa vikundi vya nyumbani, zungumzeni haya: Je, kuna ugonjwa tunaouonea aibu kanisani kwetu hata watu wanaficha? Tungefanya nini ili dada asiogope kusema? Na katika nyumba zetu, ni ukingo upi ambao hatujaujenga bado?

Tuombe: Baba, umetupa watoto ambao ni wako. Tupe hekima ya kuwafundisha na bidii ya kuwalinda. Wakumbuke dada zetu walio wodini usiku huu, na watoto wanaowasubiri nyumbani. Ondoa minong'ono midomoni mwetu. Katika jina la Yesu, amina.

Mungu awabariki.